Mpimaji na Maji ya Chini ya Kilima

Mtu akikwambia aliingia pangoni na Mpimaji na hakufukuzwa siku ya kwanza, mwongo huyo. Mie mwenyewe nilifukuzwa mara tatu. Mara ya kwanza kwa ajili ya kanga, mara ya pili kwa ajili ya kibiriti, na mara ya tatu kwa kuwa nilimjibu kwa adabu. Hiyo ya tatu nitaieleza, maana ndiyo iliyokuwa na uzito, lakini kwanza nimseme mwenyewe.

Ilikuwa enzi za Mwingereza, miaka ile baada ya vita vya pili, na Tegeta ilikuwa mashamba ya mihogo na pori kando ya barabara ya Bagamoyo. Nilikuwa nimeachika, nimerudi kwetu, nakaanga vitumbua nawauzia wachoma chokaa. Mwanamke aliyeachika kila mtu ana swali lake kwake. Mpimaji hakuwa na swali. Siku moja tu, kitumbua kikiwa bado mdomoni, aliniuliza kama giza linanitisha. Nikamwambia kinachonitisha mie ni mawifi. Alicheka mpaka akapaliwa, ikabidi nimpe maji.

Jina lake la kweli alikuwa nalo, lakini sie sote tulimwita Mpimaji, na wala hakuwa mpimaji. Ujanani alikuwa mshika mnyororo wa bwana mpima ardhi wa serikali. Bwana alitazama kwenye darubini yake kivulini, na huyu alitembea na mnyororo porini akichomwa na miiba. Alipoacha kazi alirudi na kofia ya kaki, kipande cha penseli, na maradhi ya kupima. Alijua ni hatua ngapi kutoka kwake hadi msikitini, na ngapi kutoka msikitini hadi kisimani, na ukimuudhi atakutajia umbali wa kwenu ili uende. Umri wake tu ndio hakuujua. Ukimuuliza anasema, "Nilipozaliwa mnyororo ulikuwa haujafika."

Mie nilimwita babu, naye aliniita mke mdogo, kama ilivyo kwetu mtu na babu yake kutaniana. Mkewe, ambaye wote tulimwita Bibi, alikuwa akisikia hivyo anasema, "Mchukue leo hii, mwanangu, ila anakoroma na hapendi dagaa." Basi tunacheka watatu, na chai inamiminwa.

Sasa, huyu mtu alikuwa na hamu moja tu duniani, na kila mtu aliijua. Nyuma ya makazi yetu kuna kilima cha mawe ya chokaa, na kilima kina pango. Ukiingia ndani sana, ukanyamaza, unasikia maji. Huyaoni, unayasikia tu, yanapita mahali fulani nyuma ya mwamba. Na visima vyetu, kiangazi kikikaza, maji yake yalikuwa na chumvi hata chai ilikataa sukari. Wanawake tulitembea mbali na madumu kichwani. Mpimaji alisema maji ya pangoni ni matamu, ni mto mzima, na kama mtu angefika yalipo na kuhesabu hatua na kujua upande, yeye angetoka nje, apime hatua zile zile juu ya ardhi, achomeke kijiti, aseme, "Chimbeni hapa." Basi. Hicho kijiti ndicho alichokuwa akikitaka maishani. Nadhani alitaka pia, mara moja tu, awe mpimaji kweli.

Wengi waliliogopa pango kwa sababu ya mizimu. Mlangoni kulikuwa na vitambaa vyekundu, vyungu vidogo na ubani wa watu waliokuja kuomba watoto. Mpimaji alikuwa mtu wa sala tano, lakini hakugusa hata kigae. Alikuwa akisema, "Nyumba ya mtu hata kama humwoni mwenyewe, vyombo vyake huvisogezi." Kisha anasema Bismillahi, anainama, anaingia. Popo nao hakutaka wabughudhiwe, wala mtu kuvunja yale mawe yanayoning'inia. Aliwahi kumrudisha mchoma chokaa mmoja ndani kabisa akarudishe kipande alichokitia mfukoni, na hakikuwa na pa kushika tena, jamaa akakiweka chini tu na kukiomba radhi.

Kanga nilifukuziwa kwa haki. Nilikwenda nimejifunga mbili, moja chini moja juu, nimependeza. Akanitazama. "Mke mdogo, huko unakwenda kuolewa na mwamba? Nguo hiyo itashikwa na jiwe, wewe utavuta, jiwe nalo litavuta." Bibi akanipa suruali kuukuu ya kaki ya mzee wake, tukaikaza kiunoni kwa kamba, na nilipopita barabarani kesho yake watu walipata la kusema wiki nzima. Kichwani alinifundisha kuweka ngata ile ile ya kubebea maji, juu yake kilemba kilichokazwa, kwa sababu dari la pangoni halina heshima kwa mtu. Miguuni viatu vya tairi vilivyofungwa vizuri. Peku ni marufuku, mawe yale yanakata.

Kibiriti nilikiweka kwenye pindo la suruali, kikalowa jasho. Kumbe kwake kila mtu alikuwa na kibiriti chake ndani ya mkebe uliozibwa kwa nta, na kila mtu alikuwa na taa yake, na mshumaa, na kibatari cha akiba. Taa tatu mtu mmoja. Nikamuuliza, "Babu, taa tatu za nini, na macho ninayo mawili?" Akasema, "Ya kwanza ni yako. Ya pili ni ya ile ya kwanza ikizimika. Ya tatu ni ya mwenzako mjinga." Halafu akanirudisha nyumbani.

Mafuta aliyagawa mafungu matatu. Kwenye chupa alikuwa amekwaruza alama mbili kwa msumari. Fungu moja la kwenda, moja la kurudi, moja la balaa. Mafuta yakifika alama ya kwanza, unageuka. Huulizi umefika wapi, hata kama mbele yako kuna sinia la pilau. Nilimwona akigeuka hivyo mara nyingi, na uso wake wakati huo ulikuwa unasikitisha kuutazama, kwa kuwa maji yalikuwa yanasikika.

Mengine aliyasema tukiwa tunatembea. Mguu mmoja usogee, viungo vitatu vibaki vimeshika jiwe. Usiruke, hata futi moja, maana pangoni hakuna mtu wa kukubeba. Usiingie peke yako, na mkiwa wawili bado hamjatosha. Masika usisogee, na wingu jeusi upande wowote wa mbingu ni masika. Kila njia inapogawanyika, simama, geuka, utazame nyuma ulikotoka, kwa sababu njia ya kurudi haina sura ya njia ya kwendea. Hili la mwisho niliona la kitoto mpaka siku aliponiambia nitangulie kutoka, na mie nikatangulia kwa maringo, nikaingia kwenye uchochoro ambao sikuwahi kuuona. Alikuwa amekaa nyuma ananitazama tu. "Sema ulipo," akaniambia. Nikasema sijui. Akasema, "Umefaulu. Wengi hapo husema wanajua."

Na nje lazima awepo mtu, ndiyo maana wawili hawatoshi. Mtu huyo alikuwa Bibi. Alikaa mlangoni pa pango juu ya kipande cha mkeka, anasuka ukili wa mkeka, mbele yake amechomeka kijiti chenye kivuli. Mpimaji aliweka kokoto pale kivuli kitakapofika, na kabla ya kuingia alimwambia tunakwenda mpaka wapi, tuko wangapi. Kivuli kikigusa kokoto na sie hatujatoka, Bibi asiingie wala asilie, aende kwenye tanuri akaite wachoma chokaa wenye kamba. Hajawahi kwenda. Lakini nimemkuta mara mbili tatu ameshasimama, ukili umekunjwa, anakitazama kile kivuli.

Alikuwa na sababu. Mdogo wake wa kiume alifia mle.

Nirudi sasa kwenye kufukuzwa mara ya tatu. Tulikuwa hatujafika mbali, tunatambaa, yeye mbele. Akauliza bila kugeuka, "Vipi huko, hujambo?" Nikajibu, "Sijambo, babu." Ningejibu nini? Magoti yalikuwa yanavuja damu, moyo unapiga kwa hofu kama mtu anatwanga, lakini mtu mzima amekuuliza hujambo, wewe unasema sijambo. Ndivyo tulivyolelewa. Hata mtu akifiwa anasema habari ni nzuri kwanza, ndipo anasema ila baba hatunaye tangu alfajiri. Mpimaji akasimama. Akageuka kwa shida mahali pale penye wembamba, akanimulika magoti, akanimulika uso. "Toka nje," akasema. Sikupata kumsikia akisema kwa sauti ile tena.

Nje, Bibi akiwa hapo hapo anasuka, alinieleza. Yeye na shemeji yake, yaani huyo mdogo wake Bibi, walikuwa wanayatafuta maji. Kuna mahali njia inashuka kwenye shimo halafu inapanda upande wa pili. Shemeji alibaki chini shimoni kushika kamba, yeye akapanda akaendelea mbele. Hewa ya shimoni ilikuwa nzito, ile isiyo na harufu, inayokaa chini. Kila baada ya muda aliita, "Shemeji, hujambo?" na kijana akajibu, "Sijambo, shemeji." Mara tatu. Mara ya nne hakujibu. Aliporudi alimkuta amekaa, taa imezimika yenyewe miguuni pake. "Alinijibu kwa heshima," Mpimaji akasema. "Mie mkubwa, nimemwolea dada yake, ataniambiaje kuwa kichwa kinamzunguka?" Bibi hakuinua macho. Alikuwa ameisikia hadithi hiyo mara nyingi, nadhani, na kila mara ilikuwa hivyo hivyo.

Tangu siku hiyo aliyonifukuza, pangoni kwake hakuna hujambo. Unaulizwa taa ikoje, miguu ikoje, moyo ukoje, na unajibu kilichopo. Kwenye shimo lile tulishusha kwanza mshumaa kwa kamba, tukatazama mwali wake. Ukidhoofika, tunarudi nyumbani. Ilinichukua muda mrefu kujifunza kumwambia mzee, "Moyo unaogopa." Ulimi ulikuwa unaona haya. Nilipoweza kulisema, ajabu, hofu yenyewe ilipungua, ikawa kitu tunachokwenda nacho wote wawili.

Aliwahi kuja karani mmoja kutoka mjini, mtu wa bara, mstaarabu, ana tochi mpya na soksi ndefu, anataka kuona pango ili akawahadithie wenzake ofisini. Hatua ishirini ndani Mpimaji akamuuliza, "Moyo ukoje?" Karani akasema, "Mzuri tu, mzee wangu, asante." Tukatoka. Tukaingia tena. "Moyo ukoje?" "Hauna neno, mzee." Tukatoka. Mara ya tatu karani alifoka, "Mzee, naona kizunguzungu na nataka kwenda haja!" Mpimaji akampa mkono. "Sasa umeanza," akamwambia, na akampitisha mpaka kwenye chumba cha popo. Karani yule alituletea sukari mara nyingi baadaye.

Msidhani lakini alikuwa mtu makini kila mahali. Juu ya ardhi alikuwa balaa. Alivuka barabara ya Bagamoyo bila kutazama, anahesabu hatua, malori yanampigia honi. Alianguka kutoka kwenye paa lake mwenyewe akibandika makuti, bila kamba, bila mtu wa kumshikia ngazi. Nilipomuuliza viungo vitatu viko wapi, akasema, "Hivyo ni vya chini, huku juu Mungu anatuona." Alimwogopa kuku jike mwenye vifaranga. Alikuwa na kiburi kidogo pia. Mtu akimwita mshika mnyororo alinuna siku mbili. Na kulikuwa na jambo moja ambalo sikulielewa. Bibi akimtaja mdogo wake, kwa wema tu, labda anakumbuka alivyopenda maembe mabichi, Mpimaji alinyanyuka na kutoka nje kwenda kupima kitu.

Ng'ambo ya shimo kuna ufa kwenye mwamba. Hapo ndipo maji yanaposikika vizuri. Kifua cha Mpimaji hakikupita. Changu kingepita, nilijua, naye alijua, lakini alikataa. "Bado," alisema kila mara. "Wewe ni mwanafunzi. Ufa si wa mwanafunzi." Halafu nikaolewa tena, nikahamia Temeke, na kwa miaka sita sikuja Tegeta ila kwa misiba na sikukuu.

Mwaka wa sita ukame ulikuwa mkali. Nilikuja kumjulia hali nikamkuta amepungua, anatembea kwa mkongojo, macho yanatoa machozi yenyewe. Tulipomaliza chai akasema, "Mke mdogo, twende. Sasa utapita." Bibi akasema mzee ana wazimu. Kisha akaenda kuchukua mkeka wake na ukili.

Tuliingia taratibu mno. Kila nilipomuuliza miguu ikoje alisema inauma, na ilikuwa inauma kweli, nilimsikia. Mshumaa wa shimoni uliwaka vizuri. Tulipofika kwenye ufa aliketi, nami nikajifunga kamba kiunoni, ile aliyoipiga mafundo kila hatua moja, nikaingia ubavu ubavu. Nilitoa pumzi yote ili kifua kipite. Ng'ambo palikuwa papana, naweza kusimama. Niliita, "Moyo unaogopa, lakini miguu ni mizima." Akaniambia niende. Nilikwenda nikihesabu mafundo, na maji yakawa yanakaribia, siyo mwangwi tena, maji yenyewe, kama mtu anamimina mtungini chumba cha pili. Niliona umande kwenye mwamba. Niliulamba. Ulikuwa mtamu. Nilitaka kucheka, nilitaka kulia, sijapata kutaka kitu namna ile. Nikainua chupa kwenye taa, na mafuta yalikuwa kwenye alama.

Nilisimama pale, sitaki kusema muda gani. Kisha nikageuka.

Alisikia kamba inarudi. "Umeyaona?" Nikamwambia sikuyaona, nimeyalamba ukutani, matamu. Kisha akasema, "Rudi. Chukua mafuta yangu." Nikasema, "Hayo ni ya balaa, babu." Akasema kidogo tu, hatua kumi, hatua tano, yeye atakaa gizani, gizani si kitu, ameshazoea. Aliniomba. Mtu aliyenifukuza kwa kibiriti kilicholowa alinishika mkono kupitia kwenye ule ufa na kuniomba. Nilimwambia hapana. Nilipita, nikatoka upande wake, nikakaa naye. Alikuwa analia.

"Nitakwambia kitu," akasema. "Yule shemeji. Mara ya tatu aliposema sijambo, nilijua. Sauti ilikuwa ya mtu anayeanza kusinzia. Si kwamba heshima yake ilinidanganya. Nilisimama, nikasema nirudi. Halafu nikayasikia haya maji."

Nilimchukia kidogo, na nilimpenda vilevile, vyote kwa pamoja. Nikamuuliza kama Bibi anajua. Akasema hajui. Nikamwambia amwambie. "Nitamwambiaje?" akauliza, na mie nikamwambia, mwambie kilichopo.

Tulitoka kivuli kikiwa kimebakiza kidole kimoja kufika kwenye kokoto. Bibi alikuwa anasuka. Mpimaji hakungoja hata kufuta matope. Aliketi chini, ardhini, mbele ya mkeka wake, akamwambia yote, maneno machache kuliko aliyoniambia mie, hakuacha kitu. Mikono ya Bibi iliendelea kusuka muda kidogo, kisha ikasimama. Hakumtazama mumewe. Alinitazama mie.

"Na wewe uliyasikia?"

"Niliyasikia, Bibi. Karibu kabisa."

"Uliyataka?"

"Sijapata kutaka kitu namna ile."

"Ukarudi."

"Nikarudi."

Kisha akaanza kukunja ukili, taratibu, mkunjo juu ya mkunjo, mpaka ukawa bunda mkononi mwake.

"Kumbe mtu anaweza kuyasikia na akarudi," akasema, akainuka, akashika njia ya nyumbani peke yake.